Soli ya Buti la Kulia

Jina lililoandikwa juu ya mlango lilikuwa bado la Amos Garside, fundi viatu, ingawa Amos alikwisha kuzikwa tangu mwaka wa pili wa vita. Mjane wake Selina hakulifuta, na hakuna mtu mjini Aldershaw aliyemwuliza kwa nini. Watu walimletea viatu kama walivyomletea mumewe, naye alivitengeneza kama mumewe alivyomfundisha, kwa nyundo ile ile, juu ya kigoda kile kile kilichobonyea upande mmoja. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mnene kiasi, mpole, mcha Mungu, na alikuwa na desturi ya kuimba tenzi za kanisani huku misumari midogo ameibana midomoni. Wateja walikwisha kuzoea kusikia Bwana akisifiwa kwa midomo iliyofungwa.

Nyuma ya duka, ng'ambo ya uchochoro, ulikuwepo uwanja wa mbio za pikipiki. Wakati wa vita jeshi liliuchukua likaweka malori yake humo. Vita vilipokwisha pikipiki zikarudi, na mji mzima ukarudi nazo. Kila Alhamisi jioni, tangu Pasaka hadi majani yanapoanza kudondoka, maelfu ya watu walipita mbele ya mlango wa Selina na skafu zao nyekundu na nyeupe. Timu yao iliitwa Wafumaji, kwa kuwa nusu ya mji ilikuwa inafanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Haikuwa timu kubwa. Ilikuwa ya daraja la pili, na hata humo, mwaka ule wa 1948, ilikaa katikati kama mtu asiyetaka kuonekana. Lakini kwa watu waliokuwa wakinunua siagi na sabuni kwa kadi za mgao, kuwaona vijana wanne wakiingia kona pamoja kwa pikipiki zisizo na breki, majivu ya makaa ya mawe yaliyotandazwa njiani yakirushwa mpaka kwenye kofia za watazamaji, ilikuwa karamu.

Selina mwenyewe hakuwa ameingia uwanjani hata siku moja. Alhamisi ilikuwa siku ya kina mama wa kanisa kukutana na kushona nguo za wahitaji, naye hakuwahi kukosa. Habari za mbio alizipata Ijumaa asubuhi kwa jirani yake Martha Ogden, mfumaji wa kiwandani, mjane kama yeye, aliyezisimulia juu ya ukuta wa uani kwa mikono yote miwili mpaka nguo zilizoanikwa zikaanguka.

Ila msimu ule mbio zilimfuata Selina nyumbani. Chumba chake cha juu alikuwa amempangisha Mervyn Pascoe, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwembamba, aliyetoka Australia ya kusini, wiki tano na zaidi melini, kuja kuwaendeshea Wafumaji. Selina hakujaliwa mtoto. Wiki ya kwanza alimwita Bwana Pascoe. Wiki ya pili alimwita Mervyn. Wiki ya tatu alipomkuta anapanda ngazi na ndoo mbili za makaa ambazo hakutumwa, alimwita mwanangu, na hakurudi nyuma tena.

Kijana alianza vizuri mno. Mshindi wa kila mbio hupewa pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne huambulia vumbi, na Mervyn katika mbio zake nne za jioni moja alikuwa akileta pointi tisa, hata kumi. Martha alisema kijana anateleza kwenye kona kama siagi kwenye kikaango, akaongeza kuwa siku hizi mfano huo ndio njia pekee ya kuiona siagi.

Mwezi wa Juni soli ya buti lake la kulia ikaachia. Ngozi nzuri ilikuwa haipatikani mjini hata kwa kuomba. Lakini ndani ya droo ya Amos, ndani ya gazeti la zamani, kulikuwa na kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, nene, iliyoiva, ambacho Amos alikinunua kabla ya vita na kukiweka kwa kazi ambayo hakuifikia. Selina alikuwa akikifungua mara mojamoja kukinusa, kisha anakirudisha. Siku ile alikitoa akakikata. Akashona soli, akaipiga misumari thelathini na miwili yenye vichwa vya mviringo, kama lilivyopigwa kila buti la kazi pale Aldershaw, ili lidumu kwenye mawe ya viwandani. Amos alikuwa akisema kwamba kumpa mtu buti la kazi lisilo na misumari ni kumwibia.

Usiku, wakati wa kula, alimkabidhi Mervyn buti lake likiwa limefungwa kwenye gazeti lile lile, akamweleza habari za ngozi ile. Kijana akalipokea kwa mikono miwili. Akasema asante mara tatu, na mara ya tatu alisema huku ameinamisha kichwa.

Tangu hapo mambo yakamwendea mrama. Alhamisi iliyofuata alianguka kona ya kwanza. Iliyofuata tena alianguka akaumia bega. Akawa analeta pointi tatu, pointi moja, siku nyingine bila kitu. Kwenye duka la samaki na chipsi wanaume walimwuliza kama ameajiriwa kuendesha pikipiki au kuufagia uwanja kwa suruali. Yeye akacheka nao, akalipia samaki wake, akaja kula nyumbani.

Selina alifikiri ni chakula. Akaanza kumpa yai lake la mgao wa wiki, akidai mayai yanamletea kiungulia, uongo ambao alimwomba Mungu amsamehe kila Jumapili. Kisha akafikiri ni hamu ya kwao. Akamwombea. Kijana alikula mayai, akaombewa, akaendelea kuanguka.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya msimu, Bwana Broadbent, meneja wa Wafumaji, alileta kiatu chake kinachovuja. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno machache. Alikaa kwenye benchi na soksi yake nje, akauliza kama kijana anakula.

"Anakula hata ninachoficha," Selina alisema.

"Analala?"

"Namsikia anavyokoroma. Ukuta ni mwembamba."

Bwana Broadbent alitazama kidole chake kilichotokeza kwenye soksi. "Basi mimi nimeishiwa. Nina kijana kutoka Wales anayesubiri nafasi tangu Julai. Alhamisi tunafunga msimu hapa nyumbani. Pascoe akinipa pointi sita, namwandika kwa mwaka ujao. Akinipa tano, Bi Garside, nampa mkono, na meli ya kwao inaondoka mwezi ujao. Nimeshamwambia mwenyewe."

Kumbe kijana alishaambiwa. Jana yake alikuwa amekaa kanisani kando yake, anaimba, na hakumtajia neno.

Jumanne asubuhi Mervyn alikwenda uwanjani kufungua injini. Mabuti yake aliyaacha jikoni kando ya jiko, yamejazwa magazeti ili yakauke. Tangu Juni alikuwa hamruhusu Selina kuyagusa. Alikuwa akisema si haki mama mwenye nyumba anuse miguu ya mpangaji, akayasafisha mwenyewe uani. Selina alidhani ni adabu. Siku ile, kwa kuwa hakuwa na jingine la kumsaidia, aliona angalau ayapake mafuta. Akalichukua la kulia, akaligeuza.

Selina alisoma hadi darasa la sita tu, lakini soli aliijua kusoma. Kwa soli alijua nani anachechemea na hataki watu wajue, nani anapiga magoti sana, nani ana mimba kabla mama mkwe hajaambiwa. Akalipeleka buti dirishani.

Vichwa vya misumari vilikuwa vinang'aa, na juu yake kulikuwa na michirizi mingi, yote imeelekea upande mmoja, kwenda nje. Mstari wa katikati ulikuwa umesagwa kwa tupa mpaka vichwa vikawa bapa. Baina yake palipakwa lami, ikabanduka, ikapakwa tena. Selina akakumbuka kwamba Julai aliikuta tupa ya Amos ina weusi usiokuwa wake, akajilaumu kwa uchafu.

Akachukua na kiatu cha chuma kilichokuwa kando ya mabuti. Kila mwendeshaji anacho kimoja, hufungwa kwa mikanda juu ya buti la kushoto, kwa sababu kwenye kona mguu wa kushoto hushuka na kuteleza juu ya majivu. Cha Mervyn kilipaswa kulika mbele, chini ya vidole. Kilikuwa kimelika kisiginoni, kama cha mtu anayejidaka asianguke.

Hapo akaketi. Mguu wa kushoto huteleza tu. Nguvu zote za mwendeshaji ziko kulia, mguu umekikanyaga kikanyagio cha chuma, na chuma kile kimelowa mafuta ya mbarika yanayotiwa kwenye pikipiki zile. Na yeye, Selina Garside, kwa upendo wake wote, alikuwa amempigilia kijana wa watu misumari thelathini na miwili ya chuma asimame nayo juu ya chuma chenye mafuta. Misumari iliyowafaa watu wa viwandani kwa miaka mia ndiyo iliyomwangusha. Na kijana alijua tangu siku ya kwanza.

Alikaa pale mpaka birika likakauka. Alifikiri angeweza kuing'oa soli kimyakimya na kusema imechakaa, ikaisha. Lakini lile bega lilimjia akilini. Akasali kidogo, sala fupi isiyo na maneno mazuri, akanyanyuka akaosha uso.

Mervyn aliporudi kunywa chai alilikuta buti liko katikati ya meza, kati ya mkate na jamu. Akasimama mlangoni. Pale Aldershaw hata asiyekwenda kanisani haweki kiatu mezani, watu wanasema kinaita msiba.

"Bi Garside. Buti mezani?"

"Kaa, mwanangu. Hili buti lina kosa, na kosa ni langu. Kwa nini hukuniambia?"

Kijana alikaa. Akautazama mkate. "Ulisema ni ngozi ya mwisho ya Mzee Amos. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia kwa mdomo."

"Nilidhani nitazoea."

"Na bega?"

"Bega limeshazoea."

Selina alitaka kumkaripia, kicheko kikamponyoka, na nyuma ya kicheko machozi yakafuata. Akajifuta kwa aproni. "Unisamehe. Amos angejua natumia ngozi yake kukuvunja shingo, angetoka kaburini kuja kuninyang'anya nyundo."

"Sina cha kukusamehe, Mama," alisema Mervyn. Mpaka dakika ile alikuwa akimwita Bi Garside. Selina alimkatia kipande cha mkate kinene kuliko mgao ulivyoruhusu.

Kisha ikawa kazi. Alipoing'oa soli, ngozi ya Amos ilitoka na matundu thelathini na mawili, haifai tena kwa soli. Ngozi nyingine hakuna. Mervyn akashauri mpira. Mpira nao utatoka wapi? Selina akachukua kisu, akatoka uani hadi kwenye kibanda. Humo ilining'inia baiskeli ya Amos, imefunikwa gunia, haijashushwa tangu alipokufa.

"Hapana, Mama," kijana alisema nyuma yake. "Hiyo acha."

"Amos anakwenda wapi nayo?" Selina aliuliza, akakata tairi la mbele.

Akalipasua, akabandika vipande vyake vitatu kwa gundi chini ya buti, ubavu kwa ubavu, meno ya tairi yakiangalia chini, akashona pembeni kwa uzi wa nta. Msumari hakupiga hata mmoja. Mkono wake ulikwenda kwenye kopo la misumari mara mbili kwa mazoea, na mara zote mbili akaurudisha. Ngozi ya Amos aliikata, akakwepa matundu, akapata mikanda miwili mipya ya kile kiatu cha chuma.

Alhamisi alituma salamu kwa kina mama wa kanisa kwamba leo hatafika. Martha alipompitia na kumkuta amevaa koti na kofia, alishika ukuta. Halafu akaiona kofia yenyewe, kofia ya pekee ya Selina, ya kijani. Pale uwanjani kijani ni nuksi, huwezi kumkuta mwendeshaji hata na soksi za rangi hiyo.

"Vua kitu hicho kabla hujaua mtu," Martha alisema.

"Martha, mimi siogopi kijani, namwogopa Mungu."

"Vizuri, mwogope bila kofia."

Selina aliivua kwa ajili ya amani. Uwanjani akaikalia.

Mara ya kwanza kuwaona waendeshaji, alimshika Martha mkono. Hakuwa amejua kwamba wanaingia kona wakiwa ubavu, gurudumu la mbele linatazama huku na pikipiki inakwenda kule. Kamba ya kuanzia iliruka juu, kelele ikajaa kifua chake, na mbio za kwanza za Mervyn zikaisha kabla hajamtambua ni yupi. Wa tatu. Pointi moja. Martha aliandika kwenye karatasi yake kwa penseli bila kusema neno, jambo lililomtisha Selina zaidi.

Mbio za pili akawa wa tatu tena. Lakini Selina safari hii hakuangalia pikipiki, aliangalia buti la kulia. Lilikaa. Mizunguko yote minne lilikaa kwenye kikanyagio kama limeota pale. Kijana alikuwa hajaliamini bado, ndiyo tu, alikuwa akiendesha kama mtu anayengoja kuanguka.

Mbio za tatu akaliamini. Aliingia kona ya pili kwa nje, karibu na ukuta, akawazunguka wageni wawili wa timu pinzani kwa pamoja, majivu yakamfikia Selina mdomoni. Wa kwanza. Pointi tatu. Martha alimpiga mwenziwe mgongoni mpaka akatema majivu.

"Tano," Martha alisema. "Anataka moja tu. Hata ng'ombe wangu angepata moja."

"Huna ng'ombe."

"Ningekuwa naye, angepata."

Mbio za mwisho mgeni mmoja alianguka mzunguko wa kwanza akatolewa nje, kwa hiyo wakabaki watatu, na hata wa mwisho angepata pointi yake mradi afike. Mervyn alikuwa wa pili. Alibaki wa pili mpaka mzunguko wa nne, mpaka kona ya mwisho kabisa, ndipo injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Mwingine akampita. Uwanja mzima ukaguna kwa sauti moja. Pikipiki ikajikongoja kidogo, ikasimama. Mstari ulikuwa mbele yake, kama umbali wa kutoka dukani kwa Selina hadi mlango wa kanisa.

Sheria inaruhusu kusukuma, ila peke yako, na kabla mwamuzi hajawasha taa nyekundu. Mervyn alishuka akashika usukani. Bega bovu lilikuwa upande wa kusukumia. Mguu wa kushoto, wenye kiatu cha chuma, uliteleza kwenye majivu kama kwenye barafu, akapiga goti moja. Akaamka. Ndipo Selina akaona anafanya nini: wa kushoto anauburuta tu, na kila hatua anaitoa kulia, buti la kulia linang'ang'ania majivu na kumsogeza, linang'ang'ania na kumsogeza. Meno ya tairi la Amos yaliacha alama nyuma yake, moja moja, mpaka mstarini.

Watu waliokuwa wakimtania kwenye duka la samaki walisimama juu ya viti vyao. Selina hakusimama. Alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho kwa hatua zile za mwisho, na aliposikia kelele aliendelea kufumba kidogo, akishukuru.

Wafumaji walishindwa mechi ile kwa pointi mbili na kumaliza msimu wakiwa wa tisa. Hakuna aliyeonekana kuhuzunika sana. Bwana Broadbent alipita mbele ya viti vyao akielekea ofisini, akasimama.

"Sita, Bi Garside. Nimehesabu mara mbili."

"Mimi nimehesabu mara moja tu," alisema Selina, "ikatosha."

Walikwenda nyumbani kwa miguu, watatu, kijana katikati, kulikuwa bado na mwanga kidogo angani. Martha alileta kopo la pichi aliloliweka tangu mwaka vita vilipokwisha, na Mervyn alikula hadi sharubati ya chini. Kofia ya kijani haikurudi tena kwenye umbo lake, Selina akaivaa hivyo hivyo Jumapili.

Aprili iliyofuata Mervyn alikuwa chumba kile kile cha juu, na waendeshaji wenzake wanne walikuja dukani mmoja mmoja wakitaka soli ya namna ile. Selina aliwaambia walete tairi. Kwa wiki nzima baiskeli za Aldershaw hazikuwa salama, na Martha akaingiza yake jikoni.

Watu wa viwandani aliendelea kuwapigia misumari kama zamani. Ila alikuwa na desturi mpya. Mtu akimletea buti, hata kama alimjua tangu utoto, Selina alilipokea, akaligeuza, na kabla ya kugusa kopo la misumari alimwuliza kwanza kazini kwake anasimama juu ya nini.